Mwalimu wa Mapipa na Mtoto Aliyekataa Kugeuka

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jua halijapanda juu ya majabali ya Ansab, Maskati, na tayari pipa moja limelala chini.

"Teremka ukaliinue," anasema Shurooq Msellem. Hapandishi sauti.

Mwanafunzi wake, Noof, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka ishirini na minne, anateremka, analisimamisha pipa la plastiki na kurudi kwenye usukani huku akijipangusa mikono kwenye abaya. Shurooq mwenyewe habanduki kitini. Ana mimba ya wiki thelathini na sita. Kiti chake cha upande wa abiria kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mguu wake unaifikia kwa taabu breki ya pili, ile ya mwalimu.

"Wiki hii umerudi nyuma mara ngapi, mbali na leo?"

"Mara mbili, Mwalimu."

"Mbili! Kwa mara mbili mtu hajui hata kusonga ugali. Yallah, tena."

Noof anaingiza gia ya nyuma, kisha anaangua kicheko. "Mwalimu, kwani mtoto wako si naye anakuja kinyumenyume kama mimi?"

"Yeye ana udhuru, hana kioo. Weye unavyo vitatu."

Maskati mtu hapati leseni mpaka alirudishe gari katikati ya mapipa bila kuyagusa, askari akimtazama. Kwa miaka kumi na moja hii ndiyo kazi ya Shurooq: kuwafundisha wanawake wenzake kupita hapo. Ana miaka thelathini na sita, gari lake mwenyewe, na anatoza riyali nane kwa saa. Siku nzuri hupata wanafunzi watano. Wiki hiyo alikuwa na kumi na wanne wanaosubiri mtihani.

Wanafunzi wake wanamjua kwa swali moja. Hamuulizi mtu kama ameelewa. "Ukimuuliza ameelewa, atakwambia ndiyo, hata kama hajui breki iko wapi," anasema. "Mie namuuliza kafanya mara ngapi. Hapo hana pa kujificha."

Hakujua kwamba swali hilo hilo litamfaa kwa jambo zito kuliko mapipa.

Alhamisi iliyotangulia alikuwa amekwenda kliniki kama kawaida. Muuguzi akampapasa tumbo, akapapasa tena. Chini ya mbavu kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Kilikuwa kichwa. Picha ilipopigwa, mtoto akaonekana amekaa wima, matako chini, miguu ameinyoosha juu mpaka usoni. Kwa wiki hizo alitakiwa awe ameshageuka na kuelekeza kichwa njiani.

Shurooq ana wavulana wawili, na wote aliwazaa kwa njia ya kawaida. Wa pili alimzaa asubuhi, magharibi yuko nyumbani anawagombeza watu kwa sahani chafu. Alitaka iwe hivyo tena. Alitaka pia watoto watano, na alijua kwamba tumbo likishapasuliwa, kila mimba inayofuata huangaliwa kwa jicho jingine. "Mie na kisu hatupatani," alimwambia kila aliyeuliza.

Na waliouliza walikuwa wengi. Ukoo mzima una kikundi kimoja kwenye simu, kuanzia Maskati hadi Unguja. Ndani ya siku mbili alipata rai kumi na saba. Shangazi mmoja alimshauri apige magoti kila baada ya sala. Binamu mmoja, mwanamume ambaye hajaoa, alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu namna ya kuzaa. Shurooq akajitoa kwenye kikundi.

Jumanne alasiri alirudi kutoka kazini akakuta viatu asivyovijua mlangoni.

Sebuleni, juu ya mkeka, alikuwa ameketi Bi Hamdiya, mkandaji wa Sidab, na chupa ya mafuta ya kungumanga ubavuni. Mbele yake alisimama Yaqdhan, mume wa Shurooq, karani wa ofisi ya serikali, ufunguo wa gari mkononi na bahasha ya vipimo kwapani. Katikati yao alikaa mamake Shurooq, Bi Mahfudha, na birika la kahawa. Bi Mahfudha ana miaka sitini na saba, alizaliwa Unguja, na amezaa watoto saba bila ya daktari kumgusa na wembe.

Ndipo Shurooq alipoelewa. Mamake alikuwa amemwita mkandaji aje kumgeuza mtoto saa kumi. Mumewe alikuwa amempangia miadi saa kumi na moja kwa daktari wa upasuaji, katika hospitali ya binafsi. Mwenye tumbo hakuulizwa na yeyote.

"Lala hapa mwanangu, dakika kumi tu," alisema Bi Mahfudha.

"Mama, tunachelewa," alisema Yaqdhan.

"Mnachelewa nini? Kwani mtoto ana ndege?"

Yaqdhan hakucheka. Alikuwa na sababu yake. Miaka minane iliyopita dadake, Bashayer, alizaa mtoto aliyetanguliza matako. Hakuna aliyejua kabla, uchungu ukaja kwa ghafla, na mtoto akatoka na mkono uliovunjika. Mkono ulipona, na leo mtoto huyo anacheza mpira. Lakini Yaqdhan alizikaa zile saa kwenye korido, na hajazisahau.

Shurooq akaketi, akanyoosha miguu, akaomba kahawa. Kisha akamgeukia mkandaji.

"Bi Hamdiya, nakuuliza kwa heshima. Mwaka huu umegeuza watoto wangapi?"

Bi Hamdiya akamtazama Bi Mahfudha, kisha akaitazama chupa yake.

"Mwaka huu? Hata mmoja, mwanangu. Nna miaka kumi na tano sijageuza. Siku hizi wote wanakwenda hospitali, miye nawakanda wakishazaa. Mamako kaniambia njoo unywe kahawa, halafu akanambia nije na mafuta."

"Khaa! Hamdiya!" alisema Bi Mahfudha.

"Sasa nimdanganye mtoto wa watu?"

Yaqdhan akatabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. "Na weye," Shurooq alimwambia, "huyo daktari wako unamjua, au umeona jina lake kwenye bango?" Aliliona kwenye bango. Basi kahawa ikanywewa, halua ikaliwa, na hakuna aliyekandwa wala aliyekwenda popote.

Siku ya pili Shurooq alikwenda kwenye hospitali ya serikali anakohudhuria, akaonana na Daktari Ghadeer, ambaye bibi yake alizaliwa Pemba na Kiswahili chake ni cha nyumbani. Daktari alimweleza kwamba mtoto anaweza kujaribiwa kugeuzwa kwa mikono kutoka nje, hospitalini, moyo wake ukisikilizwa muda wote na chumba cha upasuaji kikiwa karibu, maana mara chache mambo huharibika ghafla.

"Duktora, mwezi huu umejaribu wangapi?"

"Sita."

"Wamegeuka wangapi?"

"Watatu."

Jibu hilo lilimpendeza. "Angesema wote, ningekwenda zangu," anasema.

Mimba ilipotimia wiki thelathini na saba alilala kitandani, akachomwa sindano ya kulegeza tumbo, na Daktari Ghadeer akaanza kusukuma. Hakikuwa kitu cha kufurahisha. Mtoto alifika ubavuni, akasimama hapo kama anayefikiri, kisha akateleza akarudi alikotoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Daktari akanyanyua mikono, jasho linamtoka.

"Mara moja tena?" aliuliza Shurooq.

"Hapana, dada. Nikisukuma tena nitakuwa nasukuma kwa kiburi changu, si kwa faida yake."

Zilibaki njia mbili, na daktari alizieleza zote bila kupamba. Angeweza kupangiwa upasuaji wiki ya thelathini na tisa. Kwa mtoto aliyekaa hivyo ni salama zaidi kidogo, lakini mama hubaki na kovu na huchelewa kupona. Au angeweza kungoja uchungu na kuzaa kwa njia ya kawaida, kwa kuwa mtoto si mkubwa, amekaa vizuri na mama ameshazaa mara mbili. Wengi hufanikiwa, lakini si wachache wanaoishia kupasuliwa kwa haraka. Hakumvutia upande wowote.

Shurooq akauliza swali lake. "Wenye watoto waliotanguliza matako, mwaka huu umewazalisha wangapi kwa njia ya kawaida?"

"Wawili. Mwingine mmoja tulimkimbiza chumba cha upasuaji. Yuko mwenzangu mzoefu kuliko mimi, lakini siwezi kukuahidi kwamba siku yako atakuwa zamu."

"Na wa kupasuliwa?"

"Wiki hii? Tisa."

Shurooq akaomba muda. Akaenda kwenye gari, akakaa upande wa abiria, mahali anapofikiri vizuri, akakaa dakika ishirini. Alilia kidogo. Watoto watano, kurudi nyumbani magharibi, wanafunzi kumi na wanne, vyote vilimpita mbele ya macho. Lakini kila alipojaribu kuichagua njia aliyoitaka, aliisikia ile namba: wawili. "Mwanafunzi aliyerudi nyuma mara mbili simpeleki mtihanini," anasema. "Sasa mwanangu nimpe wa mara mbili?"

Akampigia mumewe kwanza. "Nimeamua. Nitapasuliwa, hapahapa, na Ghadeer."

Yaqdhan alivuta pumzi ndefu. "Alhamdulillah. Si nili—"

"Usimalize. Hukusema weye, nimesema mie."

Bi Mahfudha alipopewa habari alimlilia bintiye, kisha akauliza kama atahisi kisu. Alipoambiwa hatahisi, akajifuta machozi. "Basi arobaini utakaa kwangu Hamriya," alisema. "Na Hamdiya nshamwambia."

Noof alifaulu mapipa siku nne kabla ya upasuaji, kwa jaribio la nne. Alituma ujumbe wa sauti ambao ndani yake hakisikiki kitu ila ukelele.

Mtoto alitolewa salama asubuhi ya Jumatatu. Ni msichana, kilo tatu na gramu mia mbili, na wamemwita Fajr. Siku za mwanzo miguu yake ilikuwa bado inapanda mpaka masikioni. Bibi yake kila alipomfunga nguo, mguu mmoja ulichomoza juu kama unaomba ruhusa ya kusema. Daktari alisema itashuka yenyewe, na nyonga zimepimwa, hazina neno.

Bi Hamdiya naye alikuja na mafuta yake kila siku ya pili. Alimkanda miguu na mabega. Tumbo hakuligusa. "Hapo pana mwenyewe," alisema.

Leo ni wiki ya saba. Kila mtu anamwambia Shurooq arudi kazini. Mamake anasema arobaini imekwisha. Wanafunzi wanatuma salamu zenye swali ndani yake. Kwa wiki zote hizi hakuingiza hata riyali moja, na mshahara wa Yaqdhan umebeba nyumba peke yake. Daktari Ghadeer hakumpa tarehe. Alimwambia ataanza siku atakayoweza kukanyaga breki kwa nguvu zote bila maumivu.

Kwa hiyo jioni hii, mbele ya nyumba yao Ansab, Shurooq anaingia kwenye kiti chake cha mwalimu. Gari limezimwa. Nje, Yaqdhan amempakata Fajr na kuinamia dirishani. Shurooq anavuta akilini picha ya mtoto aliyekurupuka nyuma ya gari, kisha anaikanyaga breki kwa kishindo.

Anatulia. Mkono unashuka tumboni.

"Vipi?" anauliza Yaqdhan.

"Bado."

"Bado vipi? Si wiki sita zimeshapita?"

"Zimekupita weye."

Hana huzuni. Atajaribu tena Jumamosi, na akiweza, Jumapili atakuwa kwenye mapipa. Baada ya miaka miwili au mitatu anataka mtoto wa nne, na huyo anataka ajaribu kumzaa kwa njia ya kawaida. Daktari amemwambia wengi wenye kovu moja hujaribu, na kwamba watazungumza wakati ukifika. "Tutazungumza," anasema Shurooq. "Na nitamuuliza tena, wangapi."

Anampokea Fajr kupitia dirishani, anamlaza kifuani, na kumwonyesha mumewe kiti cha dereva.

"Twende kwa mama," anasema. "Na breki usizikanyage kwa ghafla, nna mshono."