Suruali ya Fundi Bonge

Fundi Bonge alikuwa mbishi kupindukia, na ubishi ndio uliomponza. Enzi zake alikuwa na kitambi cha kutosha watu wawili, ndipo wateja wakambandika jina hilo. Moyo ulipoanza kumsumbua, hamu ya kula ikamtoka, nyama zikamyeyuka, jina likabaki. Mkewe asije akaingiwa na wasiwasi, Bonge alikuwa akingoja atoke kwenda sokoni, kisha anaketi kwenye cherehani na kubana viuno vya suruali zake mwenyewe.

Hospitali ikampa nafasi ya kupasuliwa moyo, baada ya kuahirishwa mara chungu nzima. Asubuhi ya vipimo, mgonjwa wa kitanda cha jirani akamnong'oneza, "Wakiona umedhoofu, wanakurudisha ukale kwanza." Bonge akaapa kimoyomoyo: nyumbani harudi mtu.

Sista akampandisha kwenye mizani. Uzito haukuwa mbaya, maana miguu ilishavimba kwa maji, na maji nayo yana uzito wake.

"Baba, unakula vizuri?" sista akauliza.

"Nakula kama mchwa."

"Nguo je, zimeanza kukulegea?"

"Ala! Tazama mwenyewe, mwanangu. Suruali imenikaa kama nimezaliwa nayo."

Sista akacheka, akampitisha. Loo! Swali lenyewe zuri, ila aliyeulizwa ni fundi cherehani.

Upasuaji ukaenda salama, moyo ukapiga vizuri. Kidonda cha kifuani ndicho kilichokataa kufunga. Mwili haukuwa na akiba ya kukizibia. Kikatunga usaha, homa ikapanda, na hata uji wa kulishwa kwa kijiko ukamshinda.

Daktari alipomweleza mkewe kwamba mgonjwa alikuwa na utapiamlo tangu kabla ya kupasuliwa, mama wa watu akapandwa na hasira. Akamgeukia sista palepale kando ya kitanda.

"Si wewe uliyempima? Macho yako yalikuwa wapi? Unaniulia mume wangu!"

Sista akainamisha kichwa, machozi yakimtoka.

Bonge alisikia yote, na aibu ikamchoma kuliko kidonda. Alitaka kusema, mke wangu, mwache binti wa watu, nimemdanganya mimi. Midomo ikacheza tu, sauti haikutoka. Mkewe akadhani anaomba maji, akamlowesha midomo kwa pamba.

Bonge akafa kesho yake. Mpaka leo, mjane huyo akikutana na yule sista njiani, haitikii salamu yake.