Yasinta na Kasha Zito la Umeme

Ungethubutu kumwambia mtu wa Mkiwa kwamba Yasinta ameuziwa kitu kibovu, angekucheka mpaka akae chini. Pale njia panda watu walikuwa wakimletea kila kitu akipime kwa mkono: jogoo, pasi ya mkaa, betri za tochi, hata mtoto mchanga aliyetoka kliniki. "Hebu mnyanyue kidogo, Mama Severina." Naye ananyanyua, anafumba jicho moja, anaupandisha mkono na kuushusha, kisha anatoa hukumu. Betri hizi zimekufa. Jogoo huyu ana minyoo. Mtoto huyu mnyonyesheni, mnamdanganya na uji. Na cha kuudhi zaidi, alikuwa hakosei.

Mkono ule ulifundishwa na kuku. Yasinta alizaliwa Ihanja, akaolewa Mkiwa, na miaka ya ruksa ilipofika, serikali ikafungulia biashara, kila mwenye miguu akawa mchuuzi, yeye akachukua tenga lake akaanza kuzunguka vijijini kutafuta kuku wa kuwauzia madereva wa malori na abiria. Mizani hakuwa nayo. Wenye kuku nao hawakuwa malaika. Asubuhi ya siku ya mnada walikuwa wakiwalisha kuku pumba iliyochanganywa na mchanga, wakawanywesha na maji juu yake, ili wawe wazito. Yasinta alilia mara moja tu kwa hila hiyo. Baada ya hapo, mkono wa kulia ukimnyanyua kuku, wa kushoto unakwenda shingoni kukipapasa kile kifuko cha chakula. Kikikwaruza, kuku anarudishwa kwa mwenyewe papo hapo, na maneno juu. Yeye hakuwahi kumlisha kuku mchanga. Dhambi alikuwa nazo, lakini si hiyo.

Ruksa hiyo hiyo ilileta madukani vitu vyenye maandishi matamu. Sabuni zilizoyeyuka kabla nguo haijalowa, redio zilizoimba wiki moja zikanyamaza, miavuli iliyoogopa mvua. Yasinta akaamua kwamba maandishi ya kwenye boksi hayana aibu hata kidogo. Kitu cha kweli ni kizito. Hiyo ndiyo ikawa dini yake ya pili, na siku nyingine ilikuwa ya kwanza.

Mara moja tu alikwenda kinyume na mkono wake, na ilikuwa zamani, kabla ya kuku. Kijana mmoja kibarua wa reli, Mughwai, alikuja kwao Ihanja kwa baiskeli kupeleleza uchumba, akatumbukia yeye na baiskeli yake kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba. Yasinta alimvuta juu kwa mkono mmoja. Alishangaa jinsi alivyopanda juu bila kumchosha. "Wewe mbona mwepesi hivi? Umejazwa pamba?" alimwambia. Mughwai alikohoa kikohozi chake kikavu, akajipangusa vumbi. Wakaoana. Neno lile Yasinta hakumsimulia mtu yeyote, na kwa kuwa mumewe hakulitaja tena maisha yao yote, aliamini amelisahau.

Walizaa mabinti wawili, Severina na Klara. Sasa sikiliza kilichotokea siku ya kumuaga Severina alipokuwa anaolewa. Mama wa bibi harusi kazi yake siku hiyo ni kukaa mezani na kitenge kipya, atazamwe. Lakini Yasinta alisikia fununu kwamba wali hautatosha, na wapishi hakuwaamini tangu asubuhi, basi akainuka akaenda jikoni nyuma ya ukumbi kuwagombeza. Akiwa huko, Mughwai akapewa kipaza sauti. Yasinta alisikia kicheko kikubwa, kikafuata kimya, halafu vigelegele vilivyotikisa mabati. Akatoka mbio na upawa mkononi. Alikuta mumewe ameshakaa.

Aliuliza kila mtu. Mmoja alisema mzee amewashukuru wakwe. Mwingine alisema, "Amekusema wewe," akaanza kucheka upya. Alipomuuliza Mughwai mwenyewe, alijibu, "Utanisikia kwenye video. Ulikuwa na wali wako." Kabla mwaka haujaisha kifua kikamzidi, akafariki.

Aliyekuwa ameshika kamera siku ile ni Klara, binti wa pili, ambaye alikuwa akifanya kazi kwa mpiga picha mmoja mjini Singida. Klara aliyasikia maneno ya baba yake yote. Lakini Yasinta alimziba mdomo. "Usiniambie. Nataka nimsikie mwenyewe, kwa sauti yake." Video yenyewe ilikuwa imehamishiwa kwenye diski ya kompyuta, na kanda ikarekodiwa harusi nyingine juu yake, kama ilivyokuwa desturi ya kazi. Kisha yule mpiga picha akafunga ofisi akahamia Dodoma. Klara akabaki na diski ile moja, ndogo kama kitabu cha nyimbo, aliyoiviringisha kwenye khanga ya mama yake. Kompyuta za pale wanakochapa barua zilijaribu kuifungua, zikakwama zote. Picha za aina ile zilitaka mashine yenye nguvu.

Ndiyo maana Klara aliamua kuunga kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande, aanze nayo kazi ya kukata video za harusi. Alipanga chumba chenye umeme mtaa wa Mwankoko, pale pale Singida. Karibu kila kitu alishakipata, ikabaki pawa saplai, lile kasha la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Yasinta aliposikia kwamba kuna kitu cha kwenda kuchagua dukani, hakusubiri kuitwa.

"Mama, hii si pasi," Klara alimwambia njiani. "Kompyuta ya kukata video ina diski mbili, ina kadi ya kuingizia picha, ina mashine ya kuchomea sidii, ina feni. Vyote vinakula kutoka kwenye kasha hili. Likiwa dogo, vyote vinalala njaa."

"Basi tununue lenye shibe," alisema Yasinta. Hapo kwa kweli hakukosea.

Muuzaji, kijana mmoja mpole aitwaye Gabrieli, alimwamkia Yasinta shikamoo kwa adabu, akaweka makasha mawili juu ya meza. La kwanza liliandikwa wati mia nne. La pili wati mia sita na hamsini, na rangi yake iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Bei hazikupishana sana. Klara alilishika lile la mia nne.

"Mimi hili nalijua, mama. Nimejifunzia la aina hii. Lile jingine sijawahi kuliona."

"Lete kwanza."

Yasinta akalinyanyua la mia nne. Akafumba jicho. Halikuwa baya. Akaliweka, akanyanyua la pili, na mkono ukashuka nalo. Uso wake ukachanua. "Hili lina nyama," alisema. "Hilo lako ni kuku wa mafua."

"Mzigo huu ndio kwanza umefika," alisema Gabrieli. "Mimi mwenyewe sijalijaribu, mama, nisikudanganye."

"Mama, mia sita na hamsini kwa bei hii..." Klara alianza.

"Klara. Mkono huu ndio uliokulisha."

Sasa binti aliyelelewa vizuri atajibu nini hapo? Klara alihesabu pesa, wakalibeba lile zito. Yasinta alilipakata kifuani mpaka Mwankoko, akakataa kupokewa.

Jumapili, baada ya misa, Klara aliunga mashine juu ya meza. Yasinta alikuja na kitenge kile kile cha sherehe ya Severina, amejipaka mafuta, amekaa kwenye kiti kama mtu aliyealikwa. Klara akabonyeza. Feni zikavuma, kioo kikawaka. Yasinta alipiga kofi moja la furaha. "Si nilisema!"

Klara akaitoa diski kwenye khanga, akaichomeka, akangoja. Picha zikaja. Ukumbi, mapambo, wanawake wakiingia kwa kucheza, Severina ameinamisha macho. Yasinta akajiona mwenyewe mezani, kisha akajiona anainuka kwa hasira anaelekea nyuma. "Mpumbavu mkubwa," akajiambia. Halafu kamera ikageuka, na hapo akamwona Mughwai.

Amesimama, na koti lile la kijivu lililomzidi mabega. Anapokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Yasinta alisogeza kiti mbele. Alikuwa amejiandaa kwa sauti, hakuwa amejiandaa kwa ule wembamba wa shingo, wala kwa kifungo cha juu cha shati alichomfunga yeye mwenyewe asubuhi ile. Mughwai akageuza uso kando, akakohoa. Kikohozi kile kile kikavu kikajaa chumbani, kana kwamba yuko nyuma ya mlango.

Paa!

Moto mweupe uliruka nyuma ya mashine. Kioo kikawa cheusi, taa ya chumba ikazimika, moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukapanda hadi kwenye mabati.

"Mughwai!" Yasinta alipiga kelele. Alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti na mikono mbele, kama mtu anayetaka kumdaka mwingine asianguke.

Klara alichomoa waya wa ukutani. Yasinta aliangalia kile kioo cheusi akisubiri kirudi, maana akili yake ilikataa kabisa kwamba mtu anaweza kukohoa halafu asiendelee.

"Washa tena," alisema.

"Mama."

"Washa, nimesema. Alikuwa anataka kusema."

Klara aliitoa ile diski. Chini yake, kwenye vyuma vidogo vinavyopitisha umeme, palikuwa na doa jeusi lililochimba shimo. Aliinusa, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kulia bila sauti. Alisema umeme umepita moja kwa moja mpaka ndani, diski hiyo na ile ya mashine zimekufa zote. Yasinta alimsikia kama mtu anayesemeshwa kutoka ng'ambo ya bonde.

"Lifungue," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Hilo kasha. Lifungue nione."

Klara alilegeza skrubu, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na waya chache, feni, na kibao kidogo kilichoungua ambacho kingetosha redio ya mkulima. Nafasi iliyobaki ilijazwa kipande cha saruji. Saruji, ya kujengea! Kimekatwa vizuri kutoshea pembeni, kikagandishwa kwa gundi, kikapakwa rangi nyeusi.

Klara alikibandua kwa bisibisi akampa mama yake. Yasinta alikitazama. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa mara moja.

"Wamelilisha mchanga," alisema. "Klara! Wamelilisha mchanga!"

Katika nchi ambayo hakuijua, mtu ambaye hatamwona maishani alikaa akawaza kwamba yuko mnunuzi atakayekinyanyua kitu hiki kwa mkono ili ajue kama ni cha kweli. Akamwandalia. Mtu huyo alimjua Yasinta kuliko majirani zake wa Mkiwa. Na yeye, aliyepapasa shingo za kuku miaka yote hiyo, siku ile dukani mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi? Ulikuwa kiunoni, ukiringa. Yasinta alitamani kutukana, akatafuta tusi, yote yakawa madogo.

Alikaa chini sakafuni na kitenge chake cha sherehe. Klara naye akakaa. Nje watoto wa mwenye nyumba walikuwa wakigombania mpira wa matambara, jua bado kali.

"Wewe ulisema mia nne," Yasinta alisema.

"Yameshapita, mama."

"Ulisema unalijua. Nikakwambia nyamaza."

Kile kipande cha saruji kilikuwa bado mkononi mwa mama yake, na mkono, kwa mazoea tu, ukawa unakipandisha na kukishusha. Yasinta alipouona unafanya hivyo akakitupa kikagonga ukuta.

"Niambie sasa," alisema. "Alisema nini baba yako?"

"Ulitaka umsikie mwenyewe."

"Nimemsikia anakohoa. Mengine niambie wewe."

Klara alijifuta uso. "Alisema hivi: Jamani, huyu mama mnayemjua, siku ya kwanza alinitoa korongoni kwa mkono mmoja. Akaniambia mimi mwepesi, nimejazwa pamba. Watu wakacheka sana, mama. Akangoja wamalize. Akasema: Nyote mnajua huyu mama kitu chepesi anakirudisha kwa mwenyewe palepale. Mimi nimengoja anirudishe tangu siku ile. Mpaka leo hajanirudisha."

Yasinta aliweka kiganja mdomoni. Kumbe Mughwai alikuwa anakumbuka! Miaka yote ile ndani ya nyumba moja, akila naye, akilala naye, na neno lile lilikuwa ndani ya mtu yule mwembamba, zima, halijapotea hata herufi. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama ni ya aibu au ya nini.

"Halafu?" aliuliza.

"Basi. Ukumbi ukanyamaza. Hakusema tena. Alishika tu kile kipaza sauti akawa anatazama mlango wa jikoni. Alitazama kwa muda mrefu, mama, mpaka nikadhani ameugua. Ndipo wakinamama wakapiga vigelegele wamsaidie, akakaa."

"Alikuwa ananingoja nitoke."

"Ndiyo, mama."

Yasinta alitazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu na chini, kisha akauficha ndani ya kitenge.

"Nilikuwa nagombana na mpishi," alisema.