Kadi za Krismasi Katika Eda ya Mama

Mama yangu alitengeneza kadi za Krismasi akiwa ndani ya eda. Mjane wa Kiislamu, Temeke, enzi za Mwingereza, nguo nyeupe mwilini, kainamia nyumba za Wazungu kwenye karatasi! Majirani walisema walivyotaka. Mmoja alikuja kutupa pole, akaziona zile karatasi mkekani, akashika kiuno. "Hee! Eda ya marehemu hata haijaisha, mwenzetu ushaingia kwa Wanasara?" Mama akamjibu, "Basi niletee kazi ya Waislamu niifanye." Yule jirani akamaliza kahawa yake, akaondoka.

Ukweli ni kwamba kazi nyingine haikuwepo. Baba alikuwa kuli bandarini, homa ikamchukua kwa siku tatu, na mwanamke wa eda hatoki. Miezi minne na siku kumi yuko ndani, hapaki wanja, hatii hina, haonani na mwanamume anayeweza kumuoa. Hata ami yangu, mdogo wake baba, alipokuja alikaa barazani, mama akazungumza naye toka nyuma ya pazia.

Na huyo ami ndiye aliyetunyima usingizi. Matanga hayajaanuliwa alishaanza. "Shemeji, huyu mtoto ni damu yetu. Ukitoka eda utamlisha nini? Mie namchukua, nakwenda naye Rufiji." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto pekee, nimekaa pale pale nasikia ninavyoamuliwa kama mbuzi wa mnadani. Mama akamwomba, "Nipe mpaka nitoke eda. Nikitoka sina kazi ya kueleweka, mchukue, sitasema neno." Ami akakubali mbele ya wazee wawili wa mtaa. Toka siku hiyo mama na mie tulikuwa tunahesabu siku, kila mtu kimoyomoyo, hatuambiani.

Palikuwa na memsabu mmoja aliyekuwa akija Chang'ombe kufundisha wanawake kushona na kufuma. Kabla ya msiba alishanunua kofia mbili za mkono wa mama, kazi ya tundu ndogondogo zilizopangika vizuri mpaka baba alikuwa akijivuna na ya kwake msikitini. Aliposikia mama kafiwa, akaja na mfuko: karatasi nene, rangi ya kijani, sifongo, na kadi moja ya mfano. Alitaka kadi themanini, zipande meli mapema ili zifike Ulaya kabla ya Krismasi. "Wewe fanya kama hii," alisema. "Kama hii tu. Ukifanya vizuri, ukimaliza msiba nakuandika kazi, utafundisha wanawake wengine." Mama akaishika ile kadi kwa mikono miwili. Nilimwona anavyopumua, nikajua Rufiji imesogea mbali kidogo.

Kwenye mfano palikuwa na nyumba ya mawe yenye dohani, mti wenye ncha kando yake, na paa limefunikwa kitu cheupe kama limemwagiwa unga. Mlangoni wametundika duara la majani. Mlango wenyewe umefungwa. Memsabu alisema kile cheupe ni theluji, mvua iliyoganda, inalala juu ya nyumba wiki nzima. Mama akauliza, "Na humo ndani mna watu?" Memsabu akacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachora umbo kwenye kadibodi ngumu iliyosuguliwa nta ya mshumaa, unalikata kwa wembe, hicho ndicho kiolezo. Unakiegemeza kwenye kioo dirishani, unaweka karatasi juu yake, mwanga unapita na umbo linaonekana. Kisha unasugua pole pole kwa kitu chenye ncha butu mpaka karatasi itumbukie kwenye uwazi. Ukiigeuza, upande wa pili theluji imevimba, unaigusa kwa kidole. Mti ndio unadonolewa rangi kwa sifongo. Dirisha la mbele hatukulifungua kwa ajili ya eda, kwa hiyo tulikaa kwenye dirisha la uani, kioo tumekitoa kwenye fremu ya picha.

Ile ncha butu memsabu alisahau kutuletea. Mama akaenda kwenye kisanduku chake, akatoa kijiti chake cha wanja, cha mfupa, laini kama jino. "Na hiki kipo eda," alisema, "acha kifanye kazi." Ndiyo mara moja tu niliyomsikia akitania miezi ile. Lakini macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio, mstari mwembamba haumkai, kwa hiyo kukata kiolezo nikapewa mie.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kwetu mchana mlango haufungwi. Mlango uliofungwa mchana una maneno yake: wanagombana, au wanakula na hawataki mgeni. Siku ya Idi ndiyo kabisa. Funga mlango Idi, watakusema mpaka Idi nyingine. Nikaitazama ile nyumba ya Krismasi, nikamwambia mama, "Sikukuu gani hii, mlango umefungwa? Hawa wanaficha pilau." Mama akasema, "Kata ulivyopewa. Hujaombwa fatwa." Nikaitika, ndiyo mama. Kisha nikakata nilivyotaka mie: mlango wazi, ubao umeegemea ukutani kama milango yetu, na yale majani nikayapandisha juu yake. Nilijiona fundi! Nilidhani Wazungu wenyewe watanishukuru kwa kuwastiri.

Kiolezo kimoja kikikosewa, kadi zote zimekosewa. Mama alisugua siku kumi na mbili, asubuhi mpaka alasiri, vidole vikaota sugu. Aligundua kosa zikiwa zimebaki karatasi kama kumi. Alikuwa na kawaida ya kupitisha kidole juu ya theluji ya kila kadi iliyokwisha, na siku hiyo kidole kikateleza mpaka mlangoni, kikasimama. Akarudia. Akaisogeza machoni, akachukua na ile ya mfano, akaziweka pamoja.

"Mwanangu, umefanya nini?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Karatasi nyingine hatukuwa nayo na memsabu anakuja kesho yake. Nikasema, "Labda hataona." Mama akakichukua kijiti, akazimalizia zile kumi vile vile, maana kadi sabini za hivi na kumi za vile ingekuwa aibu mara mbili.

Kesho yake ami naye alikuja, akakaa barazani. Alijua ndiyo siku ya kazi kukaguliwa, hakutaka kuhadithiwa. Memsabu aliingia ndani na viatu vyake, akazipanga kadi mkekani. Mwanzo alifurahi. Alipitisha kidole kwenye theluji ya mapaa, anasema, "Nzuri sana, mama. Nzuri sana." Roho yangu ikatulia. Kisha akainua moja, akaipeleka dirishani.

"Kwa nini mlango iko wazi?"

Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ni baridi kali. Theluji itaingia ndani, watu watakufa. Nani atanunua hii? Watacheka." Aliangalia ya pili, ya tatu, akafunua za chini kabisa. "Zote! Nani amekata?"

Mama alinyamaza. Mie niliangalia ukingo wa mkeka. Ukindu mmoja ulikuwa umechomoka, nikawa nauvuta. Barazani kikohozi cha ami kikakoma. Nilijua anayetakiwa kujibu ni nani. Wallahi nilijua. Nikauvuta ukindu.

"Mimi," mama akasema.

Memsabu akavua miwani. "Kama ni mtoto, mimi nasema basi, mtoto ni mtoto, nalete karatasi, jaribu tena. Lakini wewe mtu mzima. Nimekupa mfano. Mwalimu hawezi kufanya hivi." Akakusanya sifongo na rangi yake, akachukua na ile kadi ya mfano. Hakukasirika hata. Alimpa mama mkono, akatoka, tukasikia gari likiondoka.

Hata hapo ningeweza kumkimbilia. Miaka mingi nilijitetea kwamba niliogopa mama ataonekana mwongo. Si kweli. Niliogopa fimbo ya ami. Fimbo! Kwa hofu ya fimbo nne au tano nikakaa pale kama gogo, nyumba yetu inavunjika.

Ami akasema toka nje ya pazia, "Shemeji, nimesikia."

Eda ilikuwa imebaki siku tisa. Ahadi ilikuwa mpaka mama atoke, lakini ami alipata lori linaloshuka kusini juma lile lile, na wale wazee wawili wakasema siku tisa si kitu cha kugombania. Mama aliomba toka nyuma ya pazia. Aliomba siku tisa tu, atoke, anisindikize mwenyewe mpaka Barabara ya Kilwa anipandishe. Ami akasema lori halingoji eda ya mtu.

Asubuhi ile alinisuka nywele, akazirudia kuzisuka, akanifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Akanifikisha kwenye pazia. Nilimshika shuka yake nyeupe, ami akapenyeza mkono, akanibandua vidole. Mama hakuvuka. Nilimchukia kwa hilo mpaka Mbagala, na Mbagala tukaipita bado namchukia. Nilijiambia mama mwingine angevunja eda, angetoka kichwa wazi, angelala mbele ya magurudumu. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na wa kumlaumu ni mie niliyepakata mkate wake.

Rufiji nilitwanga, nilifukuza ndege mpungani, shule niliisikia kwa wengine. Kisha nikaozwa. Nilipomwona mama tena nilikuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa anauza vitumbua. Kofia aliziacha, macho yamekataa kabisa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitambua sauti kabla ya sura. Tulilia tukamaliza, jirani wakaja kumwona mjukuu, wakaondoka. Sikusema kitu siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu alikuwa anaosha mchele wa vitumbua, nikajikaza.

"Mama, siku ile ya kadi. Ile milango niliikata mie, ukajitwika wewe."

"Kwani nani mwingine alishika wembe?"

"Kwa nini hukumwambia? Angetupa karatasi nyingine. Nisingekwenda Rufiji, mama. Ungepata ile kazi."

Akamwaga maji ya mchele, akatia mengine, akaendelea kusuuza.

"Aliponiuliza nilinyamaza," alisema. "Hukuona nilivyonyamaza? Mie ni mtu wa kunyamaza? Nilikuwa nakungoja wewe. Nikakungoja, mwanangu, na Mzungu kanikodolea macho. Hukusema."