Siku Jirani Alipovaa Koti la Ngati

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu kutoka hosteli yake kule Kahawa Wendani. Mwalimu wao alikuwa amewapa filamu ya zamani, ya vita vya kudai uhuru, waitazame kisha waijadili. Akaniuliza, "Mum, huyu mama anayechimba si shosho yako?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Basi kaa nikusimulie, maana darasani hawataambiwa.

Nilikuwa darasa la nne, likizo ya Agosti, baridi ile inayomfanya mtoto alale karibu na jiko. Tuliishi na shosho, nyanya yangu, kando ya shamba kubwa la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Asubuhi tulichuma kahawa, mchana tulirudi kwenye githeri ya mahindi na maharagwe iliyochemka tangu alfajiri, na jioni nyumba nzima ilinukia moshi na viazi vitamu vya kuchoma. Ng'ambo ya ua wetu aliishi jirani, fundi wa baiskeli, mtu mpole kabisa. Lakini sisi watoto tulikatazwa kula kwake. Hakuna aliyetuambia sababu, ila tulijua. Baba yake alikuwa ngati, mmoja wa wale Waafrika wenzetu waliobeba bunduki ya mkoloni, na ndiye aliyewasimamia kina shosho walipolazimishwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji. Shosho alikuwa na kovu begani. Hakulizungumzia hata siku moja.

Ndipo watu wa filamu wakaja na malori yao na taa kubwa kama ngoma. Walitaka wanakijiji wa kuigiza. Wanaume wote wa kwetu walitaka kuwa wapiganaji wa msituni, na walikaribia kupigana kweli wakigombania nywele za bandia, ndefu zilizosokotana kama za wapiganaji wale. Koti la ngati likabaki limening'inia kwenye hema, hakuna aliyelitaka. Mwishowe jirani yetu akaenda akalivaa. Alisema lazima liwe na mtu wa kulivaa, na kama si yeye, nani? Shosho naye alikuwa ameshaandikishwa kati ya wanawake wa handaki.

Siku ya kupiga picha tulijipanga juu ya tuta kutazama. Wanawake walikuwa shimoni na majembe yao, shosho mbele. Jirani alitakiwa ashuke, amchape mama yule atakayeinua kichwa. Kiboko chenyewe kilikuwa cha kitambaa kilichopakwa rangi. Shosho akainua kichwa. Jirani akainua mkono, akabaki hivyo, kisha akaushusha. Wakarudia. Mkono ukakataa tena. Mara ya tatu akakaa juu ya udongo, akafunika uso.

Mwelekezi wa filamu, kijana mtanashati kutoka Nairobi, akamwonea huruma. Akasema wataibadilisha sehemu hiyo: Mzungu aliyeigiza afisa ndiye atakayechapa, na mambo yatakuwa rahisi kwa kila mtu.

Shosho akaweka jembe chini. Hakupandisha sauti, lakini tulimsikia hadi juu ya tuta.

"Usibadilishe. Mimi sikupigwa na Mzungu. Nilipigwa na mtu aliyejua jina la mama yangu."

Akamgeukia jirani, akamshika mkono, akamwinua.

"Si wewe uliyenipiga," akamwambia. "Ulikuwa bado unanyonya. Sasa piga, watoto hawa waone vile ilikuwa."

Akapiga. Kwenye maandishi yao shosho alipaswa kuanguka na kulia. Hakuanguka. Alinyooka, akamtazama usoni, akashika jembe na kuanzisha wimbo, na wanawake wote wakaupokea, majembe yakishuka pamoja mpaka tuta likatetemeka chini ya miguu yetu. Mwelekezi alisahau kusema wasimame.

Jioni ile jirani alikula kwetu. Shosho alimpakulia githeri kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha, kwa mara ya kwanza, akatusimulia habari za lile kovu. Jirani naye akatueleza jinsi alivyopigwa mawe njiani kwenda shule, akiwa mdogo kuliko sisi, kwa sababu ya koti la baba yake. Tulikula tukiwatazama kwa zamu.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa katika ukumbi mmoja mjini Thika. Ilipofika sehemu ya handaki, watu wote walisimama wakaimba pamoja na wanawake wale. Taa zilipowashwa, mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwa kejeli, akimwita jirani ngati. Shosho akamshika jirani mkono. "Huyu ni wetu," akasema, na wakatoka pamoja katikati ya ukumbi, polepole, kama maharusi, huku watu wakiwapisha na kupiga makofi.

Wote wawili wametutoka. Ukumbi ule umekuwa supamaketi. Kahawa iling'olewa, na pale tulipochuma pamejaa nyumba za kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila roshani. Nakumbuka harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua, na ninaililia. Lakini kuna jambo jingine lililotoweka na mimi silililii: siku hizi hakuna mtoto kwetu anayekatazwa kula kwa jirani.