Mgongo wa Haron

Nashon alikuwa mbebaji wa magunia ya viazi katika soko la Kangemi, na ujana wake wote aliumalizia kwenye raga, safu ya mbele, pale ambapo shingo huzeeka kabla ya mwenyewe. Raga ilimfunza amri moja iliyomkaa mifupani kuliko katekisimu: usimzuie mtu asiye na mpira. Ukimzuia, refa anapuliza, na wenzako wanakutazama kama mwizi wa kuku.

Ndiyo maana alicheka Kiarie alipompa kazi mpya. Kiarie alikuwa amerudi kutoka Marekani na kuanzisha timu ya mpira wa huko, ule wa helmeti.

"Yaani nizuie mtu hana mpira?"

"Hiyo ndiyo kazi yako yote. Mpira hata hutaushika. Nyuma yako kuna mrushaji. Anatumia mkono wa kulia, kwa hivyo akijiandaa kurusha, mgongo wake unabaki upande wa kushoto. Kinachotoka huko hakioni. Wewe simama huko."

Mrushaji alikuwa Haron, kinyozi, mume wa Ivyne, dadake Nashon. Ivyne hakuutaka mchezo huo hata kuusikia. Siku Haron alipojaribu helmeti yake ya mitumba pale nyumbani, alimgeukia kaka yake.

"Nashon, hiyo mkono ndiyo sufuria yetu. Ikivunjika tutapika helmeti?"

"Hakuna mtu atamfikia. Labda apitie kwa tumbo yangu."

"Na vile hiyo tumbo ni barabara kuu!"

Wakacheka wote watatu. Lakini ahadi ilikuwa imetoka, na Nashon aliijua kuwa ahadi.

Walifanya mazoezi kwenye kiwanja kimoja Kabiria. Mwanzoni ukuta wa kina Nashon ulivuja kama paa la mabati makuukuu, na Haron akaonekana hajui kitu. Alitazama miguu ya waliomjia badala ya kuwatazama wenzake waliokimbia mbele. Mpira ulimtoka mkononi kabla hajaamua uende wapi.

"Kinyozi, nyoa huo mpira kama umekushinda!" watu walimzomea kutoka pembeni.

Kisha wazito wale wa ukuta wakajifunza kurudi nyuma polepole, bega kwa bega, bila kuachana. Haron akawa mtu mwingine. Alisimama, akavuta pumzi, akachagua. Mpira ulimfikia Ochola, mkimbiaji wao, ukiwa mtulivu kama sahani inayowekwa mezani.

"Kinyozi sasa amejua," walisema wale wale wa pembeni. Nashon alirudi kwenye nafasi yake. Mkono ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni pumzi mbili za amani, na pumzi hizo yeye ndiye aliyezileta.

Siku ya mechi kulikuwa na matope. Upande wa kushoto wapinzani walimweka Nzomo, mwanafunzi wa chuo mwenye miguu ya swala. Mchana kutwa alijibwaga kwenye kifua cha Nashon akirudi mikono mitupu.

"Mzee, si uende nyumbani ulale?"

"Nitalala juu yako."

Timu yao ilikuwa ikiongoza. Haron akapewa mpira, akainua mkono. Nzomo akaja, Nashon akampokea kwa viganja vyote viwili. Wakati huo huo, kwenye kiwanja cha jirani, walikokuwa wakicheza raga, refa akapuliza kipenga.

Mazoea yana taabu. Kabla akili haijauliza ni kipenga cha nani, Nashon alikuwa ameinua mikono juu, wazi, kama alivyofanya miaka yote kumwonyesha refa kwamba hakumgusa mtu. Nzomo akapita chini ya kwapa lake. Haron alikuwa bado anamtafuta Ochola kwa macho. Nzomo akamvamia kutoka nyuma, na bega la mkono wa kurushia likalia kama kuni inayovunjwa gotini.

"Kinyozi alikaa na mpira sana," watu walisema.

"Hakukaa sana," Nashon aliwajibu. "Mimi ndiye nilitoka."

Haron alipasuliwa bega, akafungwa bendeji, akafunguliwa. Ivyne hakumgombeza kaka yake. Alimwandalia chai kama kawaida, akamwekea, akaenda kukaa chumba kingine.

Asubuhi moja Haron alimwita Nashon kwenye kibanda chake cha kunyolea. Alitaka kujaribu kunyoa tena. Nashon akakaa kitini, lakini mkono wa Haron haukupanda zaidi ya kifua.

"Keti chini, shemeji."

Nashon akaketi sakafuni, juu ya nywele za watu wengine. Mashine ikawaka. Ikapita upande mmoja wa kichwa, taratibu, kisha mkono ukaanguka. Haron akaushika kwa ule wa kushoto, akauinua tena. Ukaanguka. Mlangoni, Ivyne aliyekuwa amekuja kutazama akageuka akaenda zake.

"Tutamalizia kesho," Haron alisema.

"Sawa."

Nashon hakuomba kofia. Alikatiza soko na kichwa chake kilichonyolewa nusu.

"Nashon! Kinyozi alikukimbia?" akina mama wa viazi walimpigia kelele.

Aliinama, wakampakia gunia. Kesho yake alirudi kwa Haron, akaketi sakafuni, akangoja.