Vali ya Bi Mwanabaraka

Bi Mwanabaraka wa Wawi ana ulimi, tusidanganyane. Analima mchicha nyuma ya nyumba, na kwa kuwa maji ya bomba huja kwa zamu, hufanya kama wafanyavyo wote mtaani pale: huacha mfereji wazi na mpira umezama pipani, ili maji yakija yasimpite. Basi pipa lilo hilo ndilo la kuchanganyia dawa ya wadudu.

Sharti ni kwamba kila mwenye bustani apimiwe vali mara moja kwa mwaka, ile inayozuia maji yasirudi kwenye bomba kuu. Fundi Msellem alipokuja kupima, alipigwa vijembe tangu mlangoni.

"Hee! Maji yenyewe kuja hayaji, Fundi, huko kurudi yatarudi nini?"

Msellem akacheka, akafunga geji yake ya kupimia nguvu ya maji, akatazama mshale. Ukaanguka papo hapo.

"Washa, ile raba ya ndani ya vali, imekwisha, Bi Mkubwa. Na bomba hili ndilo liendalo kwa Kauthar. Nakufungia maji mpaka niibadilishe."

Kauthar ni bintiye, ana kichanga cha siku kumi na tisa, mjukuu aliyeombewa dua miaka minane. Lakini Bi Mwanabaraka alikwisha panda mori. Alimwita Msellem majina yasiyoandikika. Kesho yake Msellem akarudi, akatia vali mpya, akaondoka bila hata kikombe cha chai.

Ijumaa bomba kuu likapasuka bondeni. Bi Mwanabaraka alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukoroga dawa. Mara mfereji mwingine wa nje, ulio kabla ya vali, nao umeachwa wazi, ukaanza kunyonya hewa, fyooo! Kumbe yanarudi kweli! Akaligeukia pipa, mpira umezama mle mle kwenye dawa. Maji ya bomba lile ndiyo anayokunywa Kauthar, ndiyo anayomkogeshea mtoto.

Kwa kiwewe hata hakukumbuka kuuchomoa mpira, akakodoa macho pipani mpaka mlio ukanyamaza. Dawa haikupungua hata ncha ya kidole.

Akauchomoa mpira, akaketi chini udongoni, akalia. "Alhamdulillah. Alhamdulillah, Mola wangu."

Jioni alimwita Msellem kwa Kauthar. Fundi akaja na mkoba wake, akijua yanamngoja mengine.

"Nilikutukana, mwanangu. Nisamehe."

"Nishasahau, Bi Mkubwa. Kazi tu ile."

"Kazi gani! Kaa hapo barazani."

Akaingia ndani, akatoka na mjukuu kafunikwa kanga, akampakatisha.

"Huyu ndiye uliyemtilia vali."

Msellem, aliyezoea spana, hakujua mikono aiweke wapi.