Asali ya Mayu Kabula

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Bariadi, mwanangu, mimi nesi mpya, kofia bado ngumu kwa wanga, najiona kweli. Ndiyo kwanza watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, na maduka ya dawa yakaanza kuleta vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Zahanati yetu ikapata kimashine cha kupimia sukari, cha kukaa kiganjani. Tone moja la damu ya kidole, unasubiri kidogo, jibu hilo! Nikaona maabara na mashine yao kubwa wamepitwa na wakati.

Basi akaletwa Mayu Kabula, mama Kabula kwa Kisukuma, wa kijiji cha Lingeka, mgonjwa wetu wa kisukari, aliyekuwa akichoma insulini, dawa ya kushusha sukari, kila siku. Anatetemeka, jasho linamtoka. Kibuyu cha asali alichokuwa anampelekea mkwewe kilikuwa kimevuja njiani, mkono wote unanata. Nami kwa pupa yangu nikatoboa kidole cha mkono huohuo. Kimashine kikasoma sukari iko juu mno.

"Mayu, umelamba asali!" nikamkaripia mbele za watu.

"Sijalamba, mwanangu. Tangu jana sijatia kitu mdomoni." Machozi yakamlengalenga.

Sikumwamini. Ningemwamini vipi, na mashine imeshasema? Nilikwisha vuta insulini kwenye sindano wakati Mzee Masanja wa maabara alipochungulia mlangoni.

"Weka chini hiyo. Umemnawisha?"

Nikaiweka sindano chini. Akamnawisha mwenyewe kwa sabuni, akamkausha, akampima upya kwa kimashine kilekile. Loo! Sukari ilikuwa chini kiasi cha kutisha. Akachota damu ya mshipa iende maabara, ila hakungoja majibu, alimnywesha chai ya sukari hapohapo. Kikombe hakijaisha, Mayu akaacha kutetemeka. Mashine kubwa nayo ikatoa jibu lililokaribiana na la kidole kilichonawishwa. Mimi nilikuwa nimepima asali, mwanangu. Sindano ile ingemuua.

Nikapiga magoti nikamwomba radhi mama wa watu, niliyemwita mwongo bure.

"Kimashine hakina kosa," Mzee Masanja aliniambia baadaye, bila kupandisha sauti. "Kinasoma unachokipa."

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi, kimashine kidogo usikidharau, kimenisaidia miaka mingi. Ila nawisha kwanza. Jibu lisipofanana na mgonjwa aliye mbele yako, pima tena, na damu ipeleke maabara. Na mtu akikwambia hajala, msikilize, jamani, tumbo ni lake.

Msimu uliofuata Mayu Kabula akaniletea asali, safari hii ya kwangu. Hata salamu hatujamaliza, akaninyooshea mikono yote miwili puani. "Nusa," akasema, "leo nimenawa!" Tulicheka mpaka wagonjwa wakatoka kuchungulia.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akujalie wagonjwa wanaorudi kukutania.